Mtu wa Nne: Kambi ya Kigari na Chipukizi Wetu wa Mbio za Nyika

Katika mbio, ni nani anayeiletea timu ushindi? Najua utanijibu haraka haraka: si yule aliyetangulia! Mimi pia ningekujibu hivyo hivyo, mpaka siku ile nilipoipotezea shule yetu ushindi.

Yalikuwa mashindano ya mbio za nyika ya shule za upili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na uwanja ulikuwa tope tupu. Kila shule ilitoa wasichana sita, lakini waliohesabiwa ni wanne wa kwanza tu. Mimi nilikuwa wa nne katika timu yetu. Kwenye mwinuko wa mwisho pumzi zilinikatika. Nikatazama mbele, nikaona wenzangu watatu wameshapotea machoni. Nikajiambia, "Aa, hawa watatu wanatosha." Basi nikatembea. Hatua kama hamsini hivi, si zaidi. Wasichana wanne wakanipita.

Matokeo yakasomwa. Wa kwanza wetu alikuwa nambari 4, wa pili 9, wa tatu 15, nami 31. Jumla 59. Shule iliyotushinda ilikuwa na 2, 11, 13 na 30. Jumla 56. Katika mbio za nyika mwenye alama chache ndiye mshindi. Sasa sikiza: yule wao wa nambari 30 ni mmoja wa wale wanne walionipita nikitembea! Kama nisingetembea, ningemaliza wa 27, naye angekuwa wa 31. Sisi tungepata 55, wao 57. Tungeendelea na ngazi ya juu. Hatukuendelea. Nahodha wetu alikuwa kidato cha nne na hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Hakunigombeza hata kidogo. Ndani ya basi alinikatia nusu ya mkate wake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani. Shule yetu iko upande wa Meru, lakini kwetu ni Embu. Ukitoka Meru mjini ukapita Nkubu na Chuka, ukavuka mto Thuci, umeshaingia Embu. Ukifika mjini kuna barabara nyingine inayopanda kuelekea Manyatta na msitu wa Mlima Kenya. Huko juu, kwenye majani chai na vilima visivyokwisha, ndiko kuliko Kigari. Nilimsimulia Baba kisa changu huku nikitazama chini. Nilidhani atanihurumia. Badala yake alicheka mpaka akaweka kikombe mezani.

"Mtoto wa Kigari anatembea mlimani!" akasema. "Mwanangu, hujui timu ya Kenya ilipikwa hapa?"

Kweli sikujua. Nilijua kuna Chuo cha Walimu cha Kigari, na nilijua kwamba wanariadha huja huko, maana nimewaona barabarani na nguo zao nyekundu na kijani. Lakini sikujua uzito wa jambo hilo. Ndiyo maana nimeamua kuliandikia gazeti letu la Chama cha Kiswahili, kwa sababu naona wengi wetu, wa Embu na wa Meru, tunadhani mbio ni mali ya Eldoret na Iten peke yake.

Kwanza nieleze mbio zenyewe. Mbio za nyika hazikimbiwi kwenye uwanja wa mviringo uliochorwa mistari. Hukimbiwa kwenye nyasi, tope, vilima na wakati mwingine juu ya magogo. Mashindano ya Dunia ya mbio hizi yalianza mwaka wa 1973. Kuna mbio za watu wazima na mbio za chipukizi. Chipukizi ni yule ambaye hajatimiza miaka 20 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Wavulana hukimbia kama kilomita 8, wasichana kama kilomita 6. Wasichana chipukizi hawakuwa na mbio zao mpaka mwaka wa 1989, huko Stavanger, Norway. Hebu fikiria, wavulana walikuwa wamekimbia miaka mingapi wasichana wakitazama!

Alama huhesabiwa kama zilivyohesabiwa zetu. Nchi hutoa chipukizi sita, wanne wa kwanza wanahesabiwa, nafasi zao zinajumlishwa. Alama bora kabisa zinazowezekana ni 10, yaani nambari 1, 2, 3 na 4. Na kama nchi mbili zimelingana alama, hutazamwa yule wa mwisho aliyehesabiwa, yaani mtu wa nne. Ambaye mtu wake wa nne yuko mbele, huyo ndiye mshindi. Niliposoma kanuni hiyo nilifunga kitabu, nikatoka nje nikapunga hewa.

Sasa turudi Kigari. Baba alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo kocha wa timu ya taifa ya mbio za nyika alikuwa Mike Kosgei. Mpango ulikuwa hivi: kwanza yanafanyika majaribio ya kitaifa, mara nyingi Nairobi, na waliochaguliwa, wakubwa kwa chipukizi, wanaletwa kambini Kigari kwa wiki kadhaa kabla ya kusafiri. Wanalala katika mabweni ya chuo. Wanakula chakula kile kile ninachokula mimi: ugali, sukuma wiki, maharagwe, chai ya maziwa. Na wanakimbia mara tatu kwa siku, alfajiri, kabla ya mchana na jioni.

"Tulikuwa tunawasikia kabla ya kuwaona," Baba aliniambia. "Bado giza. Unasikia tu viatu, pa-pa-pa-pa, kama mvua inakuja kutoka ng'ambo. Halafu wanapita, hakuna anayeongea. Sisi watoto tunatoka mbio nyuma yao, miguu mitupu, mpaka kwa kona ile ya mugumo. Hapo tunaachwa. Kila siku tunaachwa pale pale."

Nilimwuliza kama alimwona John Ngugi. Akasema walimwona, na kwamba watoto walipigana makonde darasani kuhusu nani aliyemkaribia zaidi. Kwa wasiomjua, John Ngugi alikulia upande wa Nyahururu akawa askari jeshi, na alishinda mbio za dunia za watu wazima mara tano: 1986, 1987, 1988, 1989 na 1992. Timu ya wanaume ya Kenya ilishinda dhahabu kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003. Hiyo ni miaka 18 mfululizo.

Lakini jambo Baba alilolikumbuka zaidi si Ngugi. Ni vijana. Alisema kulikuwa na wavulana na wasichana ambao kwa macho yake walikuwa kama wanafunzi tu wa kidato cha kwanza au cha pili, na walikuwa humo humo kwenye kundi na wakubwa. Hakuna aliyewapunguzia mwendo. Kijana akibaki nyuma anapanda mlima peke yake, lakini anaumaliza. "Sikuwahi kuona mmoja wao akitembea," Baba alisema, kisha akaninyamazia kidogo. Alijua alichokuwa akisema.

Kwa nini Kigari, na si Nairobi au Mombasa? Jibu la kwanza ni hewa. Embu mjini ni kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Kigari iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito na kila pumzi inavyoleta oksijeni kidogo. Mwili hauna njia ila kutengeneza seli nyekundu za damu kwa wingi ili oksijeni hiyo kidogo isipotee bure. Mtu huyo akishuka kwenye nchi za tambarare, damu yake ina nguvu ya ziada. Lakini hewa ya juu ipo hata Eldoret na Iten, tena huko ni juu kuliko kwetu. Kitu ambacho Kigari inacho kwa wingi ni milima yenyewe. Hapa huwezi kukimbia kilomita mbili bila kupanda au kushuka. Mbio za nyika ni vilima, kwa hiyo mtu aliyezoea Kigari haogopi kilima cha Ulaya. Halafu kuna utulivu. Hakuna sinema wala rafiki wa kukutembelea, na saa tatu usiku kila mtu amelala. Kambi hiyo imeendelea kutumika hata katika miaka ya hivi karibuni, ingawa wengi wa makocha wa wakati ule wamekwisha kuondoka.

Na matunda yake? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu.

Mwaka 1985 huko Lisbon, Ureno, Kipkemboi Kimeli alishinda mbio za wavulana chipukizi. Mwaka 1988 huko Auckland, New Zealand, akashinda Wilfred Kirochi, na 1990 Kipyego Kororia. Mwaka 1991 huko Antwerp, Ubelgiji, dhahabu ya wavulana ilikwenda kwa jirani zetu: Andrew Sambu wa Tanzania aliwaacha Wakenya na Waethiopia wote. Nampongeza. Lakini angalieni, dhahabu ya timu haikwenda Tanzania, kwa sababu Sambu alikuwa mmoja. Siku hiyo hiyo upande wa wasichana alishinda Lydia Cheromei wa Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 13! Mimi nikiwa na miaka 13 nilikuwa naogopa kwenda chooni usiku. Leo asingeruhusiwa hata kuanza, kwani sheria za sasa zinataka mkimbiaji awe anatimiza angalau miaka 16 katika mwaka huo. Naona sheria hiyo ni nzuri. Mtoto wa miaka 13 bado anakua, na medali haikimbii.

Mwaka 1992 mashindano yalikuwa Boston, Marekani, na kulikuwa na theluji uwanjani. Vijana waliozoea jua la ikweta wakakimbia juu ya barafu! Ismael Kirui wa Kenya alishinda, na nyuma yake akaja kijana mmoja Mwethiopia aliyeitwa Haile Gebrselassie. Dunia ilikuwa bado haijamjua. Mwaka uliofuata Kirui, akiwa na miaka 18 tu, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kwa watu wazima huko Stuttgart. Upande wa wasichana siku ile ya Boston, Cheromei alishika nafasi ya tatu. Aliyeshinda ni Mwingereza, Paula Radcliffe, ambaye baadaye alikuja kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni.

Mwaka huo huo wa 1992 kuna jambo ambalo lilitutia aibu, na sioni sababu ya kulificha. Katika mashindano ya dunia ya chipukizi ya uwanjani huko Seoul, Josephat Machuka wetu alikuwa akipitwa na Gebrselassie karibu na mwisho wa mita 10,000. Alipoona amepitwa, alimpiga mwenzake ngumi kichwani. Gebrselassie akaendelea, akashinda. Machuka akaondolewa kwenye matokeo. Wengine hulicheka tukio hili. Mimi sicheki sana, kwa sababu najua hasira ya kupitwa mita chache kabla ya utepe. Lakini ngumi haipunguzi alama.

Mwaka 1993 na 1994 Philip Mosima alishinda mara mbili mfululizo, na miaka hiyo hiyo wasichana wetu Gladys Ondeyo na Sally Barsosio nao wakashinda, mmoja kila mwaka. Barsosio aliendelea hadi akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1997. Vivian Cheruiyot alishinda mbio za chipukizi mwaka 2000, na ikamchukua miaka 16 kufika dhahabu ya Olimpiki, huko Rio. Eliud Kipchoge, ndiyo, huyo huyo wa marathoni, alishinda Lausanne mwezi Machi 2003 akiwa kijana mwembamba ambaye watu wachache walimjua. Agosti ya mwaka huo, Paris, aliwapiku Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000. Miaka minne baadaye mashindano yalikuja nyumbani, Mombasa, kwenye joto lililowaangusha wakubwa wengi, na Asbel Kiprop na Linet Masai wakashinda mbio za chipukizi. Si kila hadithi iliisha vizuri, lazima niseme. Kiprop alipata dhahabu ya Olimpiki, kisha mwaka 2019 akafungiwa miaka minne kwa sababu ya dawa zilizokatazwa.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 2010 huko Bydgoszcz, Poland. Mbio za wasichana chipukizi. Wa kwanza Mercy Cherono, wa pili Purity Rionoripo, wa tatu Esther Chemtai, wote Wakenya. Jumla yao ni alama 6. Kazi imebaki kwa mtu wa nne. Mtu wa nne alikuwa msichana wa miaka 16 aliyekimbia miguu mitupu kwenye baridi ya Poland. Angeweza kujiambia, "Hawa watatu wanatosha." Hakusema hivyo. Alimaliza wa nne, na Kenya ikapata alama 10, zile ambazo haziwezi kupunguzwa. Jina lake Faith Kipyegon. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza, na mwaka 2013, katika mji ule ule wa Bydgoszcz, akawa wa kwanza tena. Sasa ana dhahabu tatu za Olimpiki katika mita 1,500: Rio, Tokyo na Paris. Nilipomwambia Baba kwamba Kipyegon alianza akiwa mtu wa nne, alinitazama akasema tu, "Enhe."

Sasa nikupe mfano wa kinyume, usije ukadhani nachagua yanayonipendeza. Mwaka 2019 mashindano yalikuwa Aarhus, Denmark. Njia yenyewe ilipanda juu ya paa la jumba la makumbusho, paa lililooteshwa nyasi, na watu wakakimbia juu yake! Beatrice Chebet wa Kenya alishinda mbio za wasichana chipukizi kwa unywele tu dhidi ya Waethiopia wawili. Tulishangilia. Lakini dhahabu ya timu ilikwenda Ethiopia, kwa sababu nyuma ya Chebet wao walikuwa wengi na karibu karibu. Mbele tulikuwa sisi, kundi lilikuwa lao. Chebet mwenyewe hakukosa chochote: baadaye alishinda mbio za nyika za wakubwa 2023 na 2024, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, na akarudi kutoka Paris 2024 na dhahabu mbili. Ila siku ile ya Aarhus, nani alimkumbuka mtu wetu wa nne? Nilitafuta jina lake, nikatambua kwamba hata mimi sikuwahi kumwuliza mtu.

Siku hizi Ethiopia si mpinzani wa peke yake. Mwaka 2017 mashindano yalipofanyika Kampala, Jacob Kiplimo wa Uganda aliwashinda wote mbele ya watu wake. Sisi nasi tulijibu: Ishmael Kipkurui alishinda mbio za wavulana huko Bathurst, Australia, mwaka 2023, na Samuel Kibathi akashinda Belgrade mwaka 2024. Katika uwanja wa Kasarani, mwaka 2021, chipukizi wetu walimaliza kileleni mwa mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 wakiwa na dhahabu 8, ingawa hizo zilikuwa mbio za uwanjani, na kwa ajili ya korona viti vilikuwa vitupu.

Mtaniuliza, na sisi wa huku je? Wengi wa mabingwa niliowataja wametoka Bonde la Ufa. Ni kweli. Sisi tumewauzia maziwa na ndizi, tumewapisha barabarani, tumewakimbilia nyuma mpaka kona ya mugumo. Mlima ni wetu, lakini waliofaidi mlima ni wageni. Sidhani damu yetu ina kasoro. Nadhani shida ni kwamba hakuna aliyetuambia mlima ule ni wa nini. Shuleni tunakimbizwa wiki mbili kabla ya mashindano, kisha viatu vinarudishwa stoo mpaka mwaka ujao. Wenzetu wanaufanya kila alfajiri. Namwomba mwalimu wetu wa michezo asikasirike nikisema hivi. Yeye mwenyewe amelalamika mara nyingi kwamba saa za michezo huliwa na masomo ya ziada.

Likizo ile niliamka saa kumi na moja kila siku isipokuwa Jumapili. Nilianzia nyumbani, nikashuka hadi kijitoni, nikapanda upande wa pili kupitia majani chai hadi lango la chuo, nikarudi. Siku tatu za kwanza nilitembea. Siku ya nne mdogo wangu aliamka akanifuata na tochi, akawa anahesabu hatua zangu za kutembea kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mwalimu wa zamu. Aibu ilinifanya nikimbie. Wiki ya tatu aliacha kuhesabu kwa sababu hakukuwa na cha kuhesabu, akarudi kulala.

Nahodha wetu ameshamaliza shule. Kwenye mazoezi ya kwanza ya muhula uliofuata mwalimu alitupanga kwa nafasi. Aliponiuliza nataka kukimbia wa ngapi, wenzangu walicheka, wakidhani nitasema wa kwanza. Nilimwambia aniache pale pale pa nne.

Ukitaka kuuona mlima huo, panda matatu za Manyatta kutoka Embu mjini, ushukie Kigari. Njoo asubuhi na mapema, na uje na viatu vizuri, kwa sababu udongo wa kwetu ukilowa hushika kama gundi.